Land Rover 109 ya zamani: kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, au kuitunza ilivyo?

"Bosi, unataka iwe mpya, au unataka itembee?"

Swali hilo niliulizwa mwaka 2023 katika gereji tatu, mbili za Tanga na moja ya Dar es Salaam, nilipokuwa natafuta makadirio ya kutengeneza pikapu ya Land Rover 109 ya mwaka 1965. Nilikuwa nimeinunua Muheza, ilikolala chini ya mwembe miaka tisa, majani makavu yamejaa nyuma kama godoro. Kila gereji iliniandikia hesabu yake, na tofauti kati ya njia rahisi na njia ghali ilikuwa mara tatu. Naziweka hesabu hizo hapa kwa sababu nimeona magari mengi yakifunguliwa kwa shauku, fedha zikaisha katikati, na gari lililokuwa zima likageuka lundo la vyuma ndani ya magunia.

Nitatoa msimamo wangu mapema ili usome ukijua ninakoelekea: wengi wetu tunafaidika zaidi tukitunza asili iliyobaki kwenye gari kuliko tukinunua asili mpya. Na njia yoyote utakayochagua, usifanye jambo ambalo kesho halitafunguka.

Ijue kwanza asili ya gari lako

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgao, lakini aluminiamu ilikuwapo kwa wingi kutokana na viwanda vya ndege. Ndiyo maana bodi ni ya aluminiamu na chasi ni ya chuma. Uamuzi huo ndio unaoamua bajeti yako hadi leo: bodi haishiki kutu kama bati la chuma, ila chasi inaliwa, na pale metali hizo mbili zinapogusana kwenye hewa ya chumvi, aluminiamu yenyewe huanza kuoza na kuwa unga mweupe. Pitisha kidole chini ya mlango wa Land Rover iliyokaa Tanga, Mombasa au Unguja, utaukuta.

Pikapu yangu ni Series IIA, toleo lililotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971. Ina injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, gia boksi ambayo gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro, na taa za mbele zilizokaa katikati, karibu na rejeta. Miaka michache baadaye taa zilihamishiwa kwenye mabawa. Kwa hiyo ukiona gari la 1965 lenye taa kwenye mabawa, ujue limebadilishwa uso, na kulirudisha kutakugharimu.

Tena, asili si moja. Leyland Kenya ilianzishwa mwaka 1974, na baadaye ikaunganisha magari Thika, zikiwemo Land Rover, kutoka kwenye vipande vilivyoletwa kwa meli. Mwenye Series III (toleo lililofuata) ya Thika anayehangaika kuifananisha na picha za vitabu vya kiwanda cha Solihull, Uingereza, anaweza kujikuta analipia asili ya gari la mtu mwingine. Kabla ya kununua hata nati moja, soma namba ya chasi. Imegongwa kwenye chasi upande wa mbele kulia, jirani na mshikio wa springi, na imo pia kwenye kibati ndani ya gari. Zilinganishe na kadi. Makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyoko Gaydon hutoa, kwa malipo, cheti kinachoonesha gari lilijengwa lini, lilikuwa na injini namba ngapi, na mara nyingi rangi yake na lilikopelekwa. Lililosafirishwa likiwa vipande huenda lisiwe na rekodi ya rangi, kwani lilipakwa rangi lilikounganishwa.

Njia ya kwanza: asili kamili, shilingi milioni 33

Hapa gari linafunguliwa lote. Bodi inashushwa, chasi inabaki uchi, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Makadirio niliyopewa yaligawanyika hivi:

- Chasi kukatwa palipooza na kuchomelewa: milioni 2.8
- Breki zote: milioni 1.2
- Waya mpya: milioni 1.1
- Tairi tano: milioni 2.4
- Springi na usukani: milioni 1
- Injini yote, pamoja na kuboa silinda na kukereza kranki: milioni 4.8
- Gia boksi na difu: milioni 3.1
- Ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva: milioni 2.4
- Kunyoosha bodi na rangi: milioni 5.5
- Viti, turubai, vioo na raba: milioni 3.6
- Vitu vidogo vya asili kutoka nje, yaani taa, saa za dashibodi, beji na vishikizo: milioni 4.5
- Mengineyo: laki 6

Watu wanaogopa injini, lakini injini hii haina siri. Ni chuma kizito, na fundi wa makamo anaijua kwa mikono. Vinavyomaliza fedha ni vitu vidogo na rangi. Taa moja ya nyuma inaweza kuonekana ya bei ndogo ukiiangalia Uingereza. Ikifika bandarini, ushuru na VAT ya asilimia 18 hapa Tanzania vinahesabiwa juu ya bei ya kitu pamoja na nauli na bima yake. Ukiagiza kidogo kidogo, unalipa nauli mara kumi. Andika orodha yote kwanza, agiza mara moja.

Halafu kuna chasi. Wapo watengenezaji Uingereza wanaouza chasi mpya iliyochovywa kwenye zinki. Kwa mtu wa pwani hiyo ni dawa kweli, ila bei yake ni maelfu ya pauni, na chuma chenye urefu wa zaidi ya mita nne hakisafiri kwa bei ya kifurushi. Hesabu niliyofanya ilikaribia kuongeza nusu nyingine juu ya zile milioni 33. Na ukishika neno "asili" kwa ukali, hiyo si asili: ukiacha baadhi ya magari ya majaribio ya 1948 yaliyokuwa na chasi ya zinki, zilizofuata kwa kawaida zilipakwa rangi tu. Hapo mwenye gari achague kati ya uaminifu kwa kiwanda na uhai wa gari.

Ukitaka kujua kilele cha njia hii kiko wapi, kampuni ya Land Rover yenyewe ilianza mwaka 2016 kufufua Series I chache (toleo la kwanza) kwa viwango vya kiwandani, na bei zilianzia takriban pauni 60,000 kwa gari moja.

Njia hii inamfaa nani? Mwenye gari ambalo namba za chasi na injini zinalingana na karatasi, vipande vyake karibu vyote vipo, na fedha zote ziko mkononi kabla ya nati ya kwanza kulegezwa. Likikosa moja kati ya hayo, subiri.

Njia ya pili: kutunza kilichopo, shilingi milioni 11

Hapa unatengeneza kinachobeba uhai wa watu na uhai wa gari, basi. Chasi, breki, waya, tairi, springi na usukani ni zilezile za orodha ya juu, jumla milioni 8.5. Injini haifunguliwi yote. Inashushwa silinda hedi, valvu zinasagwa, gasketi mpya, rejeta inasafishwa, kabureta inapewa vifaa vipya: milioni 1.9. Mengineyo laki 6. Rangi haiguswi. Mikunjo ya bodi inabaki. Kiti kilichochanika kinashonwa.

Hii ndiyo niliyoifuata, na ilinifundisha mambo mawili.

La kwanza ni kuhusu puti. Kabla sijajua ninalotaka, niliacha milango miwili kwenye gereji moja ili "inyooshwe kidogo". Iliporudi ilikuwa laini kama sahani, na mizito. Mafundi hawakunyoosha kitu: walimwaga puti juu ya aluminiamu na kufunika hata ribiti za kiwandani. Mzee mmoja fundi bodi wa Tanga aliushika mlango, akaugonga kwa kifundo cha kidole pale chini, ukalia butu. "Mwanangu," akasema, "huu ulikuwa na kovu, sasa una kidonda." Ilimchukua siku nne kuitoa puti ile taratibu, maana aluminiamu ni laini na ukiikwangua vibaya unaitoboa. Kovu la zamani lilikuwa bure. Kulificha na kulifichua kulinigharimu mara mbili.

La pili ni umeme. Magari ya miaka ile yana dainamo, na betri hufungwa kinyume na tulivyozoea: chanya ndiyo inayokwenda kwenye chasi. Kijana fundi umeme asiyejua atafunga kama Toyota na kuunguza kitu. Nimeandika kwa rangi nyeupe kando ya betri: CHANYA CHINI. Ni kinga isiyo na gharama.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haitoi fahari ya haraka. Mvua inapita mlangoni. Gia ya pili inadai ukanyage klachi mara mbili. Hakuna atakayekusimamisha barabarani kukusifu rangi.

Njia ya tatu: injini ya Kijapani, shilingi milioni 17.5

Hii ndiyo njia ya wengi, na sitaidharau. Injini ya dizeli iliyotumika pamoja na gia boksi yake nilipewa kwa milioni 6.5. Kuchonga viunganishi na vishikio vipya, milioni 2.2. Propela shafti kukatwa, laki 6. Rejeta, ekzosi na waya wake, milioni 1.4. Chasi, breki na tairi ni bei ileile, milioni 6.4, na mengineyo laki 4.

Sababu inayotolewa siku zote ni mafuta. Basi tuipige hesabu. Tuseme petroli ya zamani inakupa kilomita 6 kwa lita na dizeli inakupa 10, na lita tuiweke shilingi 3,000. Ukitembea kilomita 3,000 kwa mwaka, yaani shambani Jumamosi na sokoni, unaokoa lita 200, sawa na shilingi 600,000. Njia hii imezidi ile ya pili kwa milioni 6.5. Utahitaji karibu miaka 11 kuirudisha fedha yako. Lakini ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, ukibeba mizigo, unaokoa lita 1,000, milioni 3, na gharama inarudi ndani ya miaka miwili na ushee. Kwa mfanyabiashara hiyo ni hesabu nzuri. Kwa mpenzi wa gari la zamani ni hasara anayoiita akiba.

Ukiichagua, shikilia mambo mawili. Badili kadi ya gari, kwa sababu namba ya injini imeandikwa humo na gari lenye injini isiyolingana na kadi litakusumbua siku ya kuuza. Na mwambie fundi asikate chasi wala ule ukuta wa chuma: vishikio vipya vifungwe kwa bolti palipo na nafasi. Injini ya zamani ipake grisi, ifunike, iweke stoo. Usiiuze kama chuma chakavu. Bei utakayopewa kwa kilo haitanunua hata kabureta siku utakapoihitaji.

Namna ya kulipa bila kuumia

Nenda na nyundo ndogo kabla ya kukubali makadirio. Gonga chasi kuanzia nyuma kwenda mbele. Chuma kizima hulia, kilichooza hunung'unika na kumwaga vumbi jekundu. Chasi ndiyo inayoweza kugeuza milioni 11 kuwa 25.

Lipa kwa hatua, na hatua imalizike kwa kitu unachokiona: chasi imechomelewa na kupakwa rangi, ndipo breki. Piga picha kila kiungo kabla hakijafunguliwa. Nati za kila sehemu ziwe kwenye mfuko wake wenye jina, na mifuko ilale nyumbani kwako. Spea zilizotolewa, hata mbovu, zirudi kwako, kwa sababu ndizo sampuli ya kununulia Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi. Na anza na breki. Gari lisilosimama halina asili ya kujivunia.

Nilipofika

Tulipofungua kibao cha namba cha mbele, chini yake palikuwa na mstatili wa kijani kibichi cha giza, mng'avu, rangi ambayo jua halikuwahi kuiona tangu 1965. Kuuzunguka kulikuwa na bluu, na juu ya bluu nyeupe ya chokaa iliyopakwa kwa brashi. Wenye gari watatu, rangi tatu. Nilipiga picha, nikapeleka kipande duka la rangi wakanipimia na kuniandikia mchanganyiko wake, nikakifunga kibao mahali pake.

Karatasi ile ya rangi iko kwenye daftari pamoja na makadirio ya gereji tatu. Siku nikiwa na milioni 22 nyingine, au mwanangu akiwa nazo, kazi ya kuirudisha kijani itaanza palipoachwa: injini ni ileile iliyo kwenye kadi, chasi haijakatwa bila sababu, na rangi ya kiwandani ipo chini ya kibao ikisubiri. Kwa sasa gari linakwenda Muheza na kurudi, likiwa jeupe, na mikunjo yake yote.