Mpira wa Kusikia

Wengi wa rika langu tunaona kutangaza mpira redioni ni kazi ya zamani iliyobaki kwa mazoea tu. Kuna Azam TV, kuna simu, kuna banda umiza kila mtaa, sasa redio ya nini? Hapa nataka kueleza kazi hiyo ilikuaje kwetu, inafanywaje, na kwa nini wapo wenzetu hapahapa chuoni wanaoihitaji mpaka leo.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, enzi za mkoloni. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazazi wetu hawachoki kuitaja. Siku hizi tunaisikia kama TBC Taifa. Zanzibar ilipata televisheni miaka ya 1970, lakini Bara hakukuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Yaani kwa zaidi ya miaka 30 baada ya Uhuru, mtu wa Songea au Kigoma aliyetaka kufuatilia mechi ya Simba na Yanga inapochezwa Dar es Salaam alikuwa na njia mbili: apande basi au awashe redio. Wengi waliwasha redio, na betri zilizochoka zilianikwa juani mapema zisije zikafa kipindi cha pili.

Chukua mwaka 1979. Kwenye Klabu Bingwa Afrika, Simba walifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia hapahapa Dar es Salaam. Watu wakajua biashara imekwisha. Kwenye marudiano Lusaka, Simba wakashinda 5-0 na kusonga mbele. Leo goli kama hilo lingekuwa kwenye simu yako kabla kipa hajaokota mpira wavuni. Wakati ule, shabiki aliyebaki nyumbani hakuwa na picha ya kutazama. Alichokuwa nacho ni masikio.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ya mtangazaji ulipo: yeye anaona, anayezungumza naye haoni. Shida hiyo haikuanzia kwetu. Tarehe 22 Januari 1927, BBC walipotangaza mechi ya Arsenal na Sheffield United, jarida la Radio Times lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba minane yenye namba. Msikilizaji aliushika mkononi, akasikia namba, akajua mpira uko wapi.

Watangazaji wetu, akina Ahmed Jongo, Mikidadi Mahmoud na Charles Hilary aliyefariki mwaka 2025, walichora kwa maneno. Ukisikiliza utangazaji mzuri wa redio utaona mambo manne hayakosekani. Kwanza, unaambiwa timu gani imevaa nini na inashambulia lango la upande upi. Pili, mpira hauachwi upotee: uko winga ya kulia, umevuka mstari wa katikati, unakaribia eneo la hatari. Tatu, matokeo na dakika vinarudiwa mara kwa mara, maana kuna mtu kawasha redio sasa hivi. Nne, sauti inapanda pale tu hatari inapopanda. Ukipiga kelele dakika zote 90, msikilizaji hatajua goli linakuja lini.

Kiswahili nacho kilitoa msaada mkubwa. Mchezaji akiupitisha mpira juu ya kichwa cha mwenzake, tunasema amempiga kanzu, na hata asiyewahi kuingia uwanjani anauona mpira ukipita kichwani kama vazi. Tobo halihitaji ufafanuzi. Maneno hayo ni picha tayari.

Kuanzia miaka ya 1990 redio binafsi ziliingia na mambo yakabadilika. Vipindi kama Sports Extra cha Clouds FM na Sports HQ cha EFM vikakuza kitu kingine: kuuzungumzia mpira. Uchambuzi, usajili, utani wa jadi, mabishano mpaka mishipa ya shingo. Mimi mwenyewe navisikiliza. Lakini kuuzungumzia mpira si kuutangaza, na televisheni nayo imezaa mtangazaji anayejua kwamba picha ipo. Yeye anataja jina la mwenye mpira na kunyamaza, au anapiga stori za usajili huku mpira ukiendelea.

Hosteli ninakaa na jamaa asiyeona, anasoma ualimu kama mimi. Siku ya derby tunakwenda wote chumba cha TV, lakini yeye anaweka earphone na kufungua redio. Siku moja alihama stesheni mara tatu, mwisho akaniuliza, "Kaka, huyu anasema 'oooh, ameona mwenyewe!' Ameona nini?" Ikabidi nimweleze mimi: shuti la mguu wa kushoto, nje ya boksi, limegonga mwamba wa juu. Maneno kumi hivi. Mtangazaji mwenye maikrofoni alishindwa kuyatoa.

Kwetu walimu watarajiwa hili si la mpira peke yake. Ukiandika ubaoni na kusema "hii hapa inakwenda pale", umemwacha nje mwanafunzi asiyeona, na pengine hata anayeona aliyekaa nyuma. Kueleza kitu mpaka asiyekiona akione ni nusu ya kazi yetu.

Kwa hiyo naiomba wizara ya michezo ya serikali yetu ya wanafunzi: bonanza lijalo, maikrofoni apewe mtu wa kutangaza mpira, si MC wa kutuchekesha tu. Aseme nani anashambulia upande gani, mpira uko wapi, na ni ngapi kwa ngapi. Spika zipo tayari, na wasikilizaji wapo.