Kusoma Picha Iliyovurugika ya Nintendo ya Zamani

Nintendo Entertainment System, mashine ya gemu iliyotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom na kuingia Marekani mwaka 1985, huchora picha zake kwa chipu moja ya kampuni ya Ricoh ambayo mafundi huiita PPU. Chipu hiyo haihifadhi picha nzima ya nukta 256 kwa 240. Huipanga upya kila mara kwa vigae vidogo, kila kimoja nukta 8 kwa 8. Maumbo ya vigae hutoka ndani ya kaseti ya gemu. Orodha ya kigae kipi kikae wapi imo katika chipu ya kumbukumbu ya kilobaiti 2 kwenye bodi. Na vitu vinavyotembea, yaani mhusika na maadui zake, vina orodha yao ndani ya PPU yenyewe. Kwa mgawanyo huo, picha iliyovurugika mara nyingi huonyesha yenyewe ilikoharibikia, kabla bodi haijaguswa kwa pasi ya lehemu.

Uchafu hutangulia kushukiwa. Kaseti za Marekani zina miguso 72, za Famicom 60, na mguso mmoja wenye kutu unatosha kuharibu kila herufi kwenye skrini. Husafishwa kwa pamba na spiriti kali isiyo na maji mengi. Kupuliza kwa mdomo, tabia ya watoto wa dunia nzima, huongeza unyevu tu. Taa nyekundu inayowaka na kuzima kila sekunde si kosa la picha: chipu ya ulinzi imeshindwa kuitambua kaseti, na tiba yake ni miguso hiyo hiyo.

Umeme nao hupimwa mapema. Chipu zote hutaka volti 5, na zikishuka chini ya 4.75 hakuna dalili nyingine ya kuaminiwa. Mawimbi au mikanda inayopanda polepole kwenye picha iliyo sahihi huelekeza kwenye kapasita zilizochakaa.

Kaseti kadhaa safi zikitoa kosa lile lile, hapo ndipo picha husomwa. Kila mstari wa kigae husafiri kwa njia 8 za data, nukta moja kwa kila njia. Njia moja ikikatika upande wa kaseti, michirizi ya wima hutokea kila baada ya nukta 8, mahali pale pale katika kila kigae, na mhusika huathirika sawa na mandhari. Njia za anwani zina dalili tofauti. Tatu za chini huchagua mstari ndani ya kigae, hivyo zikiharibika herufi huonekana zimekatwakatwa na kurudiwa. Ya nne huchagua mojawapo ya matabaka mawili yanayotoa rangi, na kosa lake huacha umbo zima lenye rangi za ajabu. Zinazofuata huchagua kigae chenyewe: A hugeuka kuwa C, tofali kuwa wingu. Njia nane za chini hupita katika chipu ndogo ya 74LS373, kwa sababu PPU hutumia miguu ile ile kwa anwani na kwa data. Chipu hiyo bado inauzwa kwa bei ndogo, na hasara ya kuibadilisha ni ndogo.

Dalili inayopendeza kuliko zote ni mhusika aliye mzima anayekimbia katika mandhari ya ovyo. Vigae vina maumbo yake kamili, ila vimekaa pasipo pao. Hapo kaseti na PPU huondolewa lawama, na mshukiwa ni ile kumbukumbu ya kilobaiti 2. Mafundi huijaribu kwa kubandika chipu nzima ya aina hiyo juu yake, miguu 24 ikigusana, kisha kuwasha. Picha ikitulia, ya zamani hung'olewa. Isipotulia, bado haijaondolewa lawama, kwani chipu iliyopata shoti huivuta chini hata ile nzuri.

Rangi zisizo sahihi katika kila gemu, au vitu vinavyotembea kutoweka huku mandhari ikiwa safi, huishia kwa PPU yenyewe. Kwa kuwa haitengenezwi tena, hutolewa kwenye bodi nyingine iliyokufa, ikihamishiwa kwenye soketi ya miguu 40. Ya Marekani na ya Ulaya hazibadilishani, kwa kuwa mifumo ya televisheni ilitofautiana. Mashine za kuiga zilizouzwa Afrika Mashariki hazitoi hata nafasi hiyo: nyingi zina ubongo wote chini ya tone la plastiki nyeusi, na fundi hubaki na miguso, umeme na waya za televisheni tu.