Waya wa njano au HDMI: pesa ya gemu iende wapi?

Muuzaji wa nyaya hakosi maneno. Huu vichwa vyake vimepakwa dhahabu, huu umesukwa nje kwa nyuzi ngumu, huu umeandikwa 8K, chomeka tu utaona mwenyewe. Mwenye PS4 na televisheni ya 1080p hataona lolote. Mwenye PS2 au Wii, akibadili waya, atadhani kabadilishiwa mashine. Lakini huyo wa PS2 ndiye anayechukua waya wa bei ya chini kuliko wote dukani, eti mashine yenyewe imeshazeeka.

Tuanze na hizo za zamani, maana huko ndiko waya una kazi. Waya wa AV wenye pini ya njano, nyeupe na nyekundu hupitisha picha nzima kwenye ile pini moja ya njano. Mwangaza na rangi vimechanganywa humo, na televisheni inalazimika kuvitenganisha upya. Haviachani vizuri. Ndiyo maana wekundu wa jezi humwagikia majani ya uwanja, na kingo za maandishi hutambaa kama msafara wa sisimizi. Waya wa S-Video hupunguza tatizo kwa kupitisha mwangaza njia yake na rangi njia yake. Waya wa komponenti ndio unaolimaliza: pini ya kijani hubeba mwangaza, ya buluu na nyekundu hubeba rangi, na sauti ina pini zake mbili pembeni. Tena pini ya njano haivuki mistari 480 au 576 inayochorwa nusu kwa nusu, wakati komponenti hupitisha 480p, yaani mistari yote kwa mpigo mmoja. Kwenye Wii ni menyu ya mipangilio tu inayokutenganisha na picha hiyo. Kwenye PS2 ni baadhi ya magemu tu yanayoikubali, lakini hata yasiyoikubali rangi zake hutulia.

Gharama? Waya wa komponenti usio wa kampuni yenyewe huuzwa mtandaoni kwa kama dola 10. Usihangaike kutafuta ulioandikwa PS2, kwa kuwa PS2 na PS3 zina tundu moja la AV na waya wa PS3 unaingia. Kabla ya kulipa, geuza televisheni uangalie nyuma, kwani nyingi za siku hizi zimeondoa matundu hayo. Ukishachomeka, ingia kwenye mipangilio ya PS2 ubadili picha kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr, la sivyo rangi zitakuja za ajabu na utaulaumu waya bure. Angalia pia kwamba waya huo una pini mbili nyekundu, moja ya picha na moja ya sauti. Ukizibadilisha, spika itanguruma na nyuso za wachezaji zitapoteza damu.

Faida nyingine huwahusu hasa wa Afrika Mashariki. Televisheni za chogo za huku zilitengenezwa kwa mfumo wa PAL, lakini mashine iliyotoka Marekani au Japani hutoa NTSC. Ikipita kwenye pini ya njano, chogo lisilojua NTSC huonyesha gemu nyeusi na nyeupe, na fundi huanza kufungua mashine isiyo na ugonjwa. Komponenti haibebi rangi kwa msimbo wa PAL wala NTSC, kwa hiyo televisheni ikiwa na tundu lake na ikikubali 60Hz, rangi hurudi.

Na kama televisheni ina HDMI peke yake? Hapa pana mtego, kwa sababu vifaa viwili vya bei inayokaribiana hukaa kaunta moja. Kimoja ni kisanduku cha kugeuza AV kuwa HDMI: unakichomekea pini ya njano, nacho kinakupa 1080p. Hiyo 1080p ni jina tu. Picha iliyokwisha kuchafuka njiani imetanuliwa, na uchafu umetanuka nayo. Kingine ni kichwa kidogo kinachoingia moja kwa moja kwenye tundu la AV la PS2 na kuchukua ishara ya komponenti. Hicho ndicho cha kununua, ingawa baadhi ya televisheni hukataa 480i kupitia HDMI, hivyo omba ujaribishiwe. Juu ya vifaa hivyo kuna mashine za kugeuza picha kama RetroTINK-5X, ya takriban dola 300. Kazi yake ni nzuri mno, lakini kwa pesa hiyo mimi ningetafuta PS4 iliyotumika.

PS3 na Xbox 360 zimekaa katikati. PS3 ilitoka 2006 ikiwa na tundu la HDMI, lakini ndani ya boksi mlikuwa na waya wa AV. Xbox 360 za kwanza, za 2005, hazikuwa na HDMI kabisa. Magemu yalikuwa yameshaandikwa kwa ajili ya picha kali: Dead Rising ya 2006 ililalamikiwa sana kwa maandishi yasiyosomeka kwenye televisheni za kawaida. Leo waya wa HDMI wa mita moja na nusu ni shilingi mia chache pale Luthuli, Nairobi, na elfu chache za Tanzania pale Kariakoo, Dar es Salaam, hivyo kumwacha PS3 na pini ya njano ni kumdhulumu. Ukichomeka HDMI na kioo kikabaki cheusi, zima, kisha bonyeza na kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili.

Ukishafika HDMI, ushindani wa ubora wa picha umekwisha. Kinachopita ni namba, nazo hufika au hazifiki. Waya mbovu huleta vimulimuli vyeupe, picha inayokatika, au kiza. Hauwezi kupausha rangi, na dhahabu haiwezi kuzikoleza. Marekani zimewahi kuuzwa nyaya za zaidi ya dola 100 kwa ahadi hiyo.

Kinachobadilika ni kasi. PS4 na Switch ya kwanza huishia 1080p, na waya wa High Speed, wenye uwezo wa gigabiti 10.2 kwa sekunde, unatosha na kubaki. PS4 Pro kwenye 4K yenye HDR inataka Premium High Speed, gigabiti 18. PS5 na Xbox Series X zikitoa 4K kwa fremu 120 ndipo Ultra High Speed, wa gigabiti 48, unapohitajika, mradi televisheni nayo iikubali 120Hz. PS5 mpya huja na waya huo ndani ya boksi. Ukinunua iliyotumika, uulizie, maana hubaki nyumbani kwa muuzaji mara nyingi kuliko pedi. Ukikosa, mtandaoni wenye cheti wa mita mbili ni kama dola 10 hadi 20. Tafuta lebo ya kuskani kwa simu, kwa kuwa neno “8K” kwenye plastiki anaweza kulichapa yeyote.

Kabla ya kununua chochote, washa hali ya gemu kwenye televisheni. Kitufe huanza kujibu upesi, na hulipi senti.

Wenye mabanda ya gemu, ambao televisheni huning’inia ukutani mbali na mashine, wana shida ya urefu. Waya wa shaba wa 4K ukivuka mita tano huanza kuyumba. Hapo lipia waya wa nyuzi za nuru (fiber), na usome vichwa vyake kabla ya kuupitisha dari: kimoja ni cha mashine, kingine cha televisheni, na ukivigeuza hautatoa picha.