Breki laini kwenye pikipiki kuukuu: Jinsi ya kutoa hewa na kubadilisha mafuta kwa usalama

Pikipiki za miaka mingi bado zinaonekana kwenye barabara za Kaunti ya Kiambu. Baadhi ni Honda, Yamaha na Suzuki ambazo wenyewe wamezitunza tangu zilipokuwa za kazi ofisini au shambani. Nyingine zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa na sasa zinabeba abiria na mizigo kati ya Makongeni, Kiganjo, Kimbo na Kihunguro. Injini zake huenda zikadumu kwa muda mrefu zikibadilishiwa oili kwa wakati. Kinachosahaulika mara nyingi ni mafuta ya breki, na hapo ndipo hatari ilipo.

Dalili ya kwanza hujulikana na kila mwendeshaji. Akivuta mkono wa breki ya mbele anauona unakwenda mbali, laini kama sifongo, na pikipiki inachelewa kushika. Akipampu mara mbili au tatu, breki inarudi. Wengi huridhika na hapo na kuendelea na safari. Lakini kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kupampu ni mita 14 ambazo mwendeshaji hana mbele ya mtoto anayevuka au matatu iliyosimama ghafla kwenye steji.

Ni pikipiki gani inayohusika?

Si kila pikipiki ina breki za haidroliki, ambazo mafundi wengi huziita breki za mafuta. Bodaboda nyingi zina breki za ngoma zinazovutwa kwa waya au kwa fimbo ya chuma. Hizo hazina mafuta wala hewa ya kutolewa. Hurekebishwa kwa kukaza nati na kubadilisha viatu vya breki vinapoisha.

Breki ya mafuta hutambuliwa kwa urahisi. Karibu na mkono wa breki, upande wa kulia wa hendobo, pana kitangi kidogo chenye kifuniko, na mara nyingi kina kidirisha cha kuonyesha kiwango cha mafuta. Kutoka hapo mpira unashuka hadi kwenye kalipa iliyoshika disiki ya gurudumu la mbele. Mfumo huu ulianza kuenea kwenye pikipiki zinazoundwa kwa wingi baada ya Honda kutoa CB750 mwaka 1969 ikiwa na breki ya disiki mbele.

Kwa nini hewa inaharibu breki

Mafuta hayabanwi yakapungua. Mwendeshaji anapovuta mkono wa breki, pistoni ndogo ndani ya masta silinda husukuma mafuta, na msukumo huo hufika kwenye kalipa papo hapo na kuzibana pedi kwenye disiki. Hewa ni tofauti, kwa sababu hubanwa.

Jambo hili linaweza kuthibitishwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Likijazwa maji na kuzibwa mdomo kwa kidole, haliendi hata likisukumwa kwa nguvu. Likijazwa hewa, linaingia hadi karibu nusu na kurudi lenyewe. Kiputo kidogo cha hewa ndani ya breki hufanya vivyo hivyo: nguvu ya mkono huishia kukibana kiputo badala ya kuzibana pedi.

Hewa huingia mafuta yanapopungua kupita kiasi kwenye kitangi, mpira unapofunguliwa, au sili zilizochakaa zinapovuja. Kuna pia njia ya pili ambayo haionekani kwa macho. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, hata kupitia kuta za mpira. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 yanatakiwa yasichemke kabla ya kufikia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakiwa yamenyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni nyuzi 205 yakiwa mapya na 140 yakiwa na maji.

Kwenye mteremko mrefu, mwendeshaji akiwa amebeba abiria na kushika breki muda wote, kalipa hupata joto kali. Mafuta yaliyochoka yakichemka hutoa mvuke, na mvuke nao hubanwa kama hewa. Hivyo breki iliyokuwa ngumu asubuhi mjini inaweza kupotea mchana chini ya mlima, kisha ikarudi inapopoa, na fundi asione kasoro yoyote. Ndiyo sababu inashauriwa mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hata kama pikipiki haitembei sana. Mafuta mapya yana rangi ya maji au ya manjano hafifu; yakiwa ya kahawia kama chai ya rangi, muda wake umepita.

Vifaa vinavyohitajika

Kazi hii haihitaji mashine. Panahitajika spana ya pete inayoingia sawasawa kwenye nati ya kutolea hewa (nyingi ni namba 8), mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa, vitambaa safi, bisibisi inayokaa vizuri kwenye skrubu za kitangi, na kopo jipya la mafuta ambalo halijafunguliwa. Kopo lililokaa wazi dukani au gereji limeshanyonya unyevu.

Aina ya mafuta imeandikwa kwenye kifuniko cha kitangi. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Oili ya injini, dizeli au mafuta ya usukani wa gari yasitiwe kamwe, kwani hufura na kuharibu sili za mpira.

Hatua kwa hatua

1. Pikipiki isimamishwe wima mahali tambarare, na hendobo igeuzwe hadi kitangi kilale sawa. Tangi la petroli lifunikwe kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu mafuta ya breki hubabua rangi. Yakidondoka, yaoshwe mara moja kwa maji.

2. Kifuniko cha kitangi kipanguswe vumbi kabla ya kufunguliwa. Skrubu za pikipiki kuukuu mara nyingi zimeshika kutu; zisilazimishwe kwa bisibisi isiyotosha, maana vichwa vitalika.

3. Mafuta machafu yafyonzwe kwa bomba la sindano, matope yaliyotuama yapanguswe, kisha mafuta mapya yatiwe hadi alama ya juu.

4. Spana ipachikwe kwenye nati ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa, kisha mpira uvalishwe juu ya nati. Ncha ya pili ya mpira izame ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, ili hewa isirudi.

5. Mkono wa breki uvutwe taratibu na kushikiliwa. Ukiwa umeshikiliwa, nati ifunguliwe robo mzunguko. Mafuta na viputo vitatoka, na mkono utasogea karibu na hendobo. Nati ifungwe kwanza, ndipo mkono uachiliwe. Ukiachiliwa kabla ya nati kufungwa, breki itavuta hewa upya na kazi itaanza tena.

6. Hatua hiyo irudiwe. Kila baada ya mivuto mitano hivi kitangi kikaguliwe na kuongezwa mafuta. Kikikauka, hewa itaingia kutoka juu.

7. Mafuta yanapotoka safi bila kiputo hata kimoja, nati ikazwe kwa kiasi. Ni ndogo na ndani ina tundu. Ikikazwa kwa nguvu nyingi hukatika.

8. Kitangi kijazwe hadi alama ya juu na kifungwe. Mkono uvutwe na kushikiliwa kwa nguvu kwa dakika moja huku viungio vyote vikiangaliwa kama vinavuja. Unapaswa kuwa mgumu na usisogee.

Jaribio la kwanza lifanywe kwa kusukuma pikipiki kwa miguu, kisha kwa mwendo wa polepole uwanjani, bila abiria.

Tahadhari kwa pikipiki za zamani

Ndani ya masta silinda ya miaka mingi, sehemu ambayo pistoni haifiki kila siku huwa na kutu na uchafu. Mkono ukivutwa hadi mwisho wakati wa kutoa hewa, sili hupita juu ya kutu hiyo na kuchanika. Kipande kidogo cha mbao kikiwekwa kati ya mkono na hendobo kitaizuia pistoni isifike huko.

Ikiwa breki bado ni laini baada ya hewa yote kutoka, mpira wenyewe huenda umechoka na unafura kila breki inaposhikwa. Mpira wenye nyufa ubadilishwe. Na kiwango cha mafuta kinachoshuka kisichukuliwe kuwa jambo dogo: ama pedi zimeisha, ama kuna uvujaji. Pedi zilizodondokewa na mafuta hazisafishiki vya kutosha, zibadilishwe.

Nati ya kutolea hewa ikikataa kufunguka, au mafuta yakionekana kwenye mkono wa breki au kando ya pistoni za kalipa, kazi hiyo ipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi. Kubadilisha sili si kazi ya kubahatisha kando ya barabara.

Mafuta machafu yapelekwe wapi?

Mafuta ya breki ni sumu. Yasimwagwe kwenye mitaro, ambayo huishia kwenye mito ya Chania, Thika na Ruiru inayotegemewa na wakazi na wakulima. Muhimu zaidi, yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hawezi kutofautisha. Yahifadhiwe kwenye chombo kilichoandikwa, kilichofungwa na kilicho mbali na watoto, hadi yatakapokabidhiwa gereji inayokusanya oili chafu. Mtu akiyanywa, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitalini mara moja pamoja na chombo hicho.

Wajibu wa kila mmoja

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka chombo kinachotumika barabarani kiwe katika hali nzuri, na breki ni sehemu ya hali hiyo. Wajibu huo haumhusu mwendeshaji peke yake. Mwenye pikipiki anayepokea malipo ya kila siku anapaswa pia kutoa pesa za mafuta ya breki na pedi. Viongozi wa steji nao wanaweza kutenga siku moja kila mwezi ya kukagua pikipiki za wanachama.

Abiria ana haki ya kuuliza. Kabla ya kupanda, anaweza kumwomba mwendeshaji avute breki ya mbele na kuisukuma pikipiki. Gurudumu likizunguka, asipande.