Je, Mashine ya Mtumbwi ni Dhambi? Tuifahamu Hewa ya Ukaa



Katika mwalo wa Mwigobero, alfajiri mitumbwi inaporejea na dagaa, harufu ya petroli hutangulia harufu ya samaki. Hapo ndipo mvuvi mmoja aliponiuliza: “Padre, tunaambiwa mafuta yanaharibu hali ya hewa. Je, mashine ya mtumbwi wangu ni dhambi?” Swali lake linastahili jibu la kweli.

Petroli, dizeli na mafuta ya taa yana kaboni iliyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Yanapoungua, kaboni hiyo huungana na oksijeni ya hewani na kuwa hewa ya ukaa. Ndiyo maana lita moja ya petroli, ambayo haifiki kilo moja, hutoa takribani kilo 2.3 za hewa hiyo: uzito uliozidi ni wa oksijeni. Hewa ya ukaa haina rangi wala harufu. Moshi tunaouona ni kitu kingine. Sehemu yake hubaki angani kwa karne nyingi, ikizuia joto la dunia lisitoke.

Kuni na mkaa vina hesabu yake. Mti unapokua huvuta hewa ya ukaa, na unapochomwa huirudisha. Ukipandwa mwingine ukakua, hewa hiyo huvutwa tena. Msitu ukifyekwa bila kupandwa, deni hubaki.

Lakini nani anadaiwa zaidi? Kwa mwaka, Mtanzania mmoja kwa wastani hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani mmoja hutoa takribani tani 14. Hata hivyo, joto halichagui mpaka, na mvua inapovurugika, huumia kwanza mkulima na mvuvi asiye na akiba. Katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kwamba nchi tajiri zina deni la kiikolojia kwa nchi maskini. Kudai deni hilo lilipwe si chuki, ni haki.

Basi, kwa mvuvi wetu nilijibu: kutafuta riziki ya watoto si dhambi. Dhambi ni uharibifu tunaoweza kuuepuka tukaupuuza. Mashine isiyotunzwa hula mafuta mengi zaidi, na hasara ya kwanza ni ya mfukoni mwake. Taa ya sola badala ya karabai humwondolea gharama ya mafuta ya taa kila usiku.

Jikoni pia kuna wajibu. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tusidanganyane: gesi ya mtungi nayo hutoa hewa ya ukaa. Lakini huwaepusha mama zetu na moshi unaodhuru mapafu, na huacha miti isimame. Asiyeimudu anaweza kuanza na jiko banifu na miche michache uani.

Tusijibebeshe hatia isiyo yetu, wala tusijivike usafi tusio nao. Ziwa tulilipokea kwa wazee wetu. Watoto wetu nao wana haki ya kulipokea kwetu.