Kinachoviringika: Utangulizi wa Elimu ya Michezo ya Watoto

Chukua boga lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Liweke kwenye udongo mkavu nyuma ya nyumba, chora mstari hatua kumi mbele yako, kisha lisukume kwa mkono mmoja lifike hapo. Huenda lisifike. Litakwenda hatua tatu vizuri kama gurudumu, litaanza kuyumba, halafu litapinda na kulala ubavu. Rudia mara tano, uone kama litalala mahali pamoja. Ikiwa umecheka, au umekasirika ukataka kusukuma mara ya sita, basi umekwisha kuingia katika elimu hii, nami nakukaribisha.

Huko Marekani na Kanada boga hili ni la sherehe ya Halloween. Oktoba inapofika na miti inapopukutisha majani, watoto hugawanywa makundi mawili, kila kundi na boga lake. Hulisukuma kwa mikono au kwa ufagio hadi kwenye alama, hulizungusha, hulirudisha kwa mwenzao anayengoja. Kundi linalomaliza kwanza limeshinda. Ni mchezo ambao mtoto wa miaka minne anauelewa kabla hujamaliza kuueleza. Halloween yenyewe ilivuka bahari pamoja na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga tanipu. Kule ng'ambo wakakuta boga, ambalo ni kubwa zaidi na halisumbui kisu. Lakini boga lilikuwa limewatangulia wote. Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, zimepatikana mbegu za maboga yaliyolimwa na watu miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Afrika lilifika baada ya Wazungu kuanza kuvuka Atlantiki. Kibuyu, binamu yake, ndicho mwenyeji wetu wa siku nyingi.

Sasa niko Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri nchini Kongo, kaskazini kidogo ya ikweta, mwendo usio mrefu kutoka Ziwa Albert. Hapa hakuna majira ya majani kupukutika. Kuna mvua, kuna vumbi, na boga linatambaa kati ya mahindi na maharage mashambani. Nalo ni chakula tangu shina hadi tunda: majani ni mboga, nyama yake inachemshwa, mbegu zake, mbika, zinakaangwa na kusagwa. Nilipomwomba mama mmoja wa jirani boga la kufanyia jaribio nililolieleza hapo juu, alinitazama kwa muda, akaniuliza: "Mwalimu, siku hizi umeshiba hivyo?" Alinipa, ila kwa sharti kwamba nilirudishe jioni kabla ya kupika. Nililirudisha likiwa na mikwaruzo. Somo la kwanza la elimu yetu nililipata mlangoni kwake: kabla hujauliza mchezo unachezwaje, uliza kitu kinachochezewa kina thamani gani kwa wenyewe. Mchezo uleule, boga lilelile, kule ni furaha na huku ni utovu wa adabu.

Basi watoto wa Bunia wanaviringisha nini? Pita Mudzipela, Nyakasanza au Bigo saa za jioni utaona. Jante ya kinga, ndivyo tunavyoita huku ringi ya baiskeli, iliyong'olewa spoki zote. Tairi ya pikipiki iliyokwisha meno. Kifuniko cha ndoo. Gololi. Mpira uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba au kwa mifuko ya plastiki. Jante ndiyo mfalme. Fimbo fupi inaingizwa katika ule mfereji uliokuwa ukibeba tairi, na kutoka hapo mtoto anasukuma, anageuza, anazuia, vyote kwa kiganja kimoja. Mtazame vizuri anayeanza kujifunza. Anakwenda polepole kwa woga, na jante inaanguka. Ndugu yake mkubwa anamwambia akimbie. Ushauri huo una fizikia ndani yake: gurudumu lenye kasi husimama wima, na likiinama linajigeuza kuelekea upande lilikoinamia badala ya kuanguka, likipoteza kasi, uzito unalishinda. Mtoto hajui maneno hayo, ila mguu wake unajua. Boga nalo lina kanuni ileile, isipokuwa limebanwa juu na chini, lina matuta ubavuni, lina kikonyo, na uzito wake haukugawanyika sawa. Ndiyo maana mbio za maboga huchekesha na mbio za jante hustaajabisha.

Mtu anayeingia katika elimu hii atakuta vitabu vikubwa vinamngoja, na ni vizuri avijue kwa majina. Johan Huizinga, Mholanzi, aliandika *Homo Ludens* mwaka 1938 akidai kwamba utamaduni wenyewe huzaliwa na kukua katika mchezo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1958, Roger Caillois wa Ufaransa akagawa michezo katika mafungu manne: mashindano, bahati, kuigiza, na kizunguzungu. Wanafunzi wangu huyapenda mafungu hayo kwa sababu yanaingia kirahisi kwenye mtihani. Mimi huwapeleka nje kwanza. Mtoto mmoja mwenye jante anashindana na mwenzake hadi kwenye mwembe. Anaomba jiwe lisimkute njiani, na hiyo ni bahati. Mdomoni anatoa mlio wa pikipiki na kupiga breki kuchukua abiria asiyeonekana, na hiyo ni kuigiza. Mafungu matatu katika pumzi moja. La nne linahitaji tairi kubwa. Msanii Francis Alÿs, mzaliwa wa Ubelgiji anayeishi Meksiko, amekuwa akipiga filamu za michezo ya watoto duniani tangu mwaka 1999. Mwaka 2021, huko Lubumbashi, alimpiga filamu mtoto aliyesukuma tairi hadi juu ya kilima cheusi cha mabaki ya mgodi, akajikunja ndani yake, akateremka akizunguka hadi chini. Filamu hiyo inaitwa *La roue*, na ilionyeshwa Venice mwaka 2022 katika banda la Ubelgiji. Nimeitazama mara nyingi. Kila mara napata kizunguzungu mimi niliyekaa kwenye kiti.

Wengine waliokusanya michezo walikuwa na subira ya mhasibu. Stewart Culin alichapisha mwaka 1907 kitabu cha zaidi ya kurasa 800 kuhusu michezo ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, na humo mchezo wa kurushia fimbo pete inayoviringika una sura yake, kabila baada ya kabila. Kusini mwa Afrika wavulana wa Kizulu walikuwa wakilenga kwa vijiti vyenye ncha kitu cha mviringo kilichoachiwa mteremkoni. Jicho la mwindaji lilifundishwa hapo kabla ya kukutana na mnyama. Iona na Peter Opie, mke na mume wa Uingereza, walitufundisha jambo ambalo sasa linaonekana dogo: ukitaka kujua michezo ya watoto, waulize watoto. Kitabu chao cha mwaka 1969 kilihusu michezo ya barabarani na viwanjani, ile ambayo mtu mzima hakuipanga wala haisimamii. Mapema zaidi, mwaka 1932, Jean Piaget alikuwa amekaa chini na watoto wa Uswisi akacheza nao gololi, akiwauliza sheria zilitoka wapi na kama zinaweza kubadilishwa. Hakuna kitabu cha maadili kilichowahi kuanzia mahali pa chini kiasi hicho, na sidhani kama kuna kilichofika mbali zaidi.

Na sisi? Utafiti wa michezo ya Kongo umelielemea bao. Culin mwenyewe aliandika katika miaka ya 1890 kuhusu mankala, yaani ukoo wa bao, na kuuita mchezo wa taifa la Afrika, kana kwamba bara zima lina taifa moja. Philip Townshend alichapisha mwaka 1977 kazi nzuri kuhusu michezo ya mankala katika Zaire, Rwanda na Burundi. Sina ugomvi na bao. Ninachosema ni kwamba bao lina mbao. Linabebeka, linapimwa, linahesabiwa mashimo, linatundikwa makumbusho. Jante ya mtoto wa Bigo, siku anapochoka nayo, inakwenda kuzuia kuku wasitoke bandani. Boga linaliwa. Mpira wa migomba unaoza. Elimu yetu imefuata vitu vinavyokaa, ikaacha vile vinavyopita, na michezo ya kuviringisha karibu yote iko upande huo wa pili. Hii ndiyo hoja yangu, na msomaji asiyeikubali atapata nafasi ya kunipinga katika kurasa zijazo.

Kama kitu hakibaki, tutasoma nini? Vinabaki vitatu: ardhi, maneno na ugomvi.

Ardhi ni rahisi. Mchezo wa kuviringisha huandikwa na mteremko, kokoto, mfereji uliochimbwa na mvua, njia ya pikipiki. Pima.

Maneno yanahitaji sikio. Kiswahili sanifu kina kuviringisha, kufingirisha na kubingirisha, vyote vikizunguka maana moja. Hapa Bunia utasikia *batoto* badala ya watoto, utasikia Kifaransa kikivaa nguo za Kiswahili, utasikia Kilingala, na pembeni Kihema, Kilendu, Kialur au Kibira, kutegemea ni nani ametumwa maji na nani amebaki uwanjani. Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal wamekwisha kuandika makala kuhusu Kiswahili cha Bunia, iliyotoka mwaka 2020. Maneno ya uwanjani ni shamba ambalo jembe halijalimaliza: neno la kusimamisha mchezo, neno la kudai zamu, tusi dogo linaloruhusiwa na lile lisiloruhusiwa.

Ugomvi ndio mali yenyewe. Mchezo unapokwenda vizuri sheria hazionekani. Watoto wanakimbia tu, nawe unaandika "wanakimbia". Ngoja jante moja iguse nyingine. Papo hapo mahakama inafunguliwa: nani alikata njia, je jante iliyoanguka baada ya mstari inahesabiwa, je mdogo apewe hatua mbili mbele, je mwenye jante anaweza kuwafukuza wengine kwa sababu ni yake. Kila neno hapo ni kifungu cha sheria kinachosomwa kwa sauti. Mtafiti mwenye roho nzuri huona aibu na kuingilia kuwapatanisha. Nakusihi usifanye hivyo, isipokuwa wanapopigana. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Anayependa michezo ya watoto na asipende kelele zao atafute elimu nyingine, labda ya miamba.

Kuna jambo zito ambalo anayeandika kutoka Ituri hawezi kulipita. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, katika vita vya jimbo hili vya 2002 na 2003. Ilikuwa hukumu ya kwanza katika historia ya mahakama hiyo. Mpaka leo kuna watoto mjini hapa wanaoishi katika kambi za waliokimbia makwao, na ndani ya kambi hizo pia kuna jante, kuna foleni ya zamu, kuna ugomvi wa mstari. Nimesikia wageni wakisema kwamba watoto hao wanacheza ili kusahau. Inawezekana. Lakini sijamsikia mtoto akisema hivyo, na sisi tulikwisha kukubaliana kuwauliza wenyewe. Wengi hujibu kwamba wanacheza kwa sababu jana walishindwa.

Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Kwa mtafiti kifungu hicho kina upande wa pili: mchezo ni wa mtoto, wewe ni mgeni. Omba ruhusa kwa mzazi, kisha kwa mtoto, na mtoto akikataa ondoka. Usipige picha za kuonewa huruma. Usigawe peremende, maana siku ya pili utakuwa unasoma mchezo wa kutafuta peremende. Na ukialikwa kucheza, cheza, hata kama suruali ni ya ofisini.

Sura zinazofuata zinaweza kusomwa kwa mpangilio wowote, lakini usianze kuzisoma leo. Leo chukua daftari, kalamu na kamba ya kupimia, utoke saa kumi na nusu jioni hadi kwenye mteremko ulio karibu nawe. Kama mvua imenyesha mchana ni bahati yako: njia za jante hubaki zimechorwa kwenye matope mekundu, moja inakwenda moja kwa moja, nyingine imepinda mahali mtoto alipoogopa. Zipime kabla pikipiki hazijapita.