Kipara cha Mbio na Kipara cha Uzee

Askari wa trafiki akikukuta na tairi kipara, siku yako imeharibika. Ila hapa Nairobi wapo watu wanaojinyima kununua matairi ambayo tangu dukani yanakaribia kuwa kipara. Mmoja wao ni kaka yangu. Ana Subaru moja tu: ndiyo ya kazini, ya sokoni na mama, na mara chache ya kushindania muda barabara inapofungwa kule Kiambu. Mwaka jana aliyafunga yale yanayoitwa semi-sliki.

Semi-sliki ni tairi la mbio lililochongwa mifereji michache ili liruhusiwe barabarani. Kwa nini lishike lami kuliko la kawaida? Nikiwa kwenye mazoezi ya ualimu niliwafundisha Kidato cha Pili kwamba msuguano hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Kijana wa dawati la nyuma akauliza, “Mwalimu, basi mbona magari ya mbio yana matairi mapana?” Nikakohoa kwanza.

Ukweli ni kwamba kanuni ile inafaa vitu vigumu, kama mbao juu ya meza. Mpira ni laini. Unazama kwenye vijishimo vya lami na kuving'ang'ania, na ukipata joto la kutosha unang'ang'ania zaidi. Mifereji ikiwa michache, mpira unaogusa lami ni mwingi, tena haupindipindi kwenye kona. Ndiyo maana tairi kuukuu lililoisha si semi-sliki, hata kama kwa macho yanafanana. Lile limebaki na mpira mwembamba uliokauka. Kipara cha uzee hicho.

Sasa, kuchagua. Ubavuni mwa matairi mengi pameandikwa TREADWEAR na namba. Namba ikiwa ndogo, mpira ni laini na utaisha haraka. Toyo R888R ni 100, Michelin Pilot Sport Cup 2 ni 180, na matairi mengi ya kawaida ni 300 kwenda juu. Kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo usibishane sana juu ya 180 na 200. Lakini 100 na 300 ni mbingu na ardhi.

Tafuta pia tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa semi-sliki lililokwisha tumika hili ni muhimu mno, kwani kila likichemka na kupoa mpira wake huzidi kukakamaa. Muuzaji atakuonyesha mifereji mirefu na kuapa kwamba ni jipya. Mifereji ipo, ndiyo, ulaini ulishakwenda.

Halafu upepo. Ukijaza psi 28 asubuhi tairi likiwa nyuzi 20, likifika nyuzi 70 utakuta karibu 35. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, mkikumbuka kanuni ya gesi mtaipata. Kwa hiyo wenye mbio huanza chini, kisha hupima likiwa moto. Tatizo ni kusahau kurudisha kipimo cha kawaida kabla ya kwenda nyumbani.

Na nyumbani ndiko kaka hakukuwaza. Tulitoka Kiambu jioni, mvua ya Aprili ikaanza. Kazi ya mifereji ni kuyatoa maji chini ya tairi. Ikiwa michache na imeshalika, gari linaelea. Tena matairi yalikuwa yamepoa. Tulikuwa kwenye hamsini hivi, si kasi ya maana, matatu ikasimama mbele yetu, kaka akakanyaga breki na gari likaendelea tu kama halijasikia. Aligeuza usukani, wapi! Tukaishia mtaroni, futi chache kutoka kwa mama aliyekuwa anafunika nyanya zake kwa karatasi ya nailoni.

Hakuna aliyeumia. Yule mama alitutazama tu, akaendelea kufunika.

Mimi kwa gari moja la kila kitu ningechukua ya 200 yenye mifereji ya kutosha, au seti ya pili ya rimu, semi-sliki zipakiwe nyuma na kufungwa hukohuko. Kaka amechagua la pili. Kazi ya kufungua nati zote 20, asubuhi na jioni, amenipa mimi.